Oili inapodondoka chini ya Subaru: Tafuta chanzo kwanza, fungua injini baadaye

TONE la oili chini ya gari lililolala uani usiku kucha ni jambo ambalo wamiliki wengi wa magari makuukuu wamelizoea. Hulikanyaga asubuhi, huongeza nusu lita ya oili mwishoni mwa juma, kisha hushika njia.

Hata hivyo, kwa mwenye gari la kasi aina ya Subaru Impreza katika kaunti za Kisii na Nyamira, mazoea hayo yanaweza kumgharimu injini nzima. Hali ikiwa mbaya zaidi, yanaweza kuzua moto gari likiwa katikati ya mlima.

Lipo pia kosa la pili ambalo ni kinyume cha hilo. Mwenye gari huona tone, hushikwa na hofu na kukimbilia gereji, na kufikia jioni injini imeteremshwa na kufunguliwa. Baadaye hubainika kwamba kilichokuwa kikivuja ni swichi ya oili au pete ndogo ya nati ya sampu, vitu ambavyo hubadilishwa kwa muda usiozidi saa moja.

Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: kutotafuta chanzo cha mvujo kabla ya kushika spana. Makala haya yanaeleza jinsi ya kukitafuta, sehemu zinazovuja mara nyingi, na ukarabati unaodumu.

Gari la mbio mikononi mwa raia

Sifa za Impreza nchini Kenya zilijengwa na mbio za magari. Mwingereza Colin McRae alishinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1997 akiendesha gari hilo, naye Richard Burns, pia wa Uingereza, akafanya vivyo hivyo mwaka wa 2000. Wakenya waliokuwa watoto miaka hiyo walikua wakilitamani gari la buluu lenye kishindo cha pekee.

Wengi wao walilipata kama gari kuukuu kutoka Japani, kupitia bandari ya Mombasa. Sheria za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari ambalo limepita miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa kwa mara ya kwanza.

Kanuni hiyo ina maana kubwa kwa mnunuzi wa leo. Impreza za kizazi cha pili, zilizoundwa kati ya mwaka wa 2000 na 2007, haziwezi tena kuingia nchini kama mgeni. Zile zinazouzwa Kisii, Keroka au Nyamira zimekuwa katika barabara za Kenya kwa miaka mingi, zimepitia mikono kadhaa, na mpira ulio ndani ya injini zake una umri wa karibu miongo miwili au zaidi.

Umri wa mpira ndio kiini cha mambo. Oili huzuiwa kutoka nje ya injini na gaskiti na sili, na nyingi kati ya hizo ni za mpira. Joto la miaka mingi huufanya mpira kuwa mgumu kama plastiki, ukapoteza uwezo wa kujibana, na oili ikapata upenyo. Gari huvuja hata kama mwenyewe aliliendesha kwa upole.

Injini iliyolala ubavu

Ili kuelewa kwa nini Subaru huvuja kwa namna yake, lilinganishe na Probox, gari ambalo kila msafiri wa Kisii na Nyamira amewahi kulipanda.

Silinda nne za injini ya Probox husimama kwenye mstari mmoja, na kifuniko cha tapeti kiko juu kabisa. Oili ikishapaka sehemu za juu hutiririka kurudi kwenye sampu kwa uzito wake yenyewe. Gaskiti ya kifuniko hicho haibebi mzigo mkubwa.

Injini ya Subaru, ambayo katika Impreza nyingi za kasi ni ile ya EJ20 ya lita 2, imelazwa ubavu. Silinda mbili zinaelekea kushoto na mbili kulia, na pistoni huenda na kurudi kama ngumi za bondia, ndiposa injini za aina hiyo zikaitwa boksa. Mpangilio huo hushusha uzito wa gari karibu na ardhi na kulifanya litulie kwenye kona.

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Vifuniko vya tapeti vimekaa ubavuni, na ukingo wake wa chini hubaki umelowa oili hata injini ikiwa imezimwa. Gaskiti ikichakaa, hakuna kinachoizuia oili hiyo kudondoka.

Isitoshe, mabomba ya ekzosi ya Subaru hupita chini ya silinda hizo. Tone likitoka kwenye kifuniko hutua moja kwa moja juu ya chuma kilichopata moto. Hapo ndipo hutoka ile harufu ya oili inayoungua ambayo dereva huisikia anaposimama kwenye foleni baada ya kupanda mlima.

Milima ya Gusii haina huruma

Mji wa Kisii uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Anayetoka Kisii kuelekea Keroka, au Nyamira kuelekea Kebirigo, hupanda na kushuka karibu safari nzima.

Injini inayopanda mlima hufanya kazi nzito kwa mwendo mdogo, ikapata joto jingi huku upepo wa kuipoza ukiwa haba. Oili iliyopata joto huwa nyepesi na hupenya nyufa ambazo ingeshindwa kuzipita ikiwa baridi. Ndiyo maana gari jingine halidondoshi chochote likiegeshwa sokoni, lakini huacha doa kubwa baada ya safari ya Keroka.

Hatari nyingine ni ya ndani. Gari linapoinama mlimani au kulala kwenye kona, oili iliyo ndani ya sampu hukimbilia upande mmoja. Ikiwa kiwango chake kimeshuka, mdomo wa bomba linalonyonya oili unaweza kubaki ukifyonza hewa. Injini ya turbo ikikosa oili hata kwa sekunde chache huku ikizunguka kwa kasi, beringi za krenki huumia.

EJ20 hubeba takriban lita 4 hadi 4.5 za oili, na tofauti kati ya alama ya juu na ya chini kwenye kijiti cha kupimia ni karibu lita 1. Kwa hivyo, gari linaloonyesha alama ya chini limepoteza karibu robo ya oili yake.

Fauka ya hayo, kuna barabara za murami zinazoelekea kwenye vituo vya kununulia majanichai. Impreza ni gari la chini, na jiwe moja laweza kubonyeza sampu au kulegeza nati yake.

Hakikisha ni oili ya injini

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kutambua kinachodondoka. Weka kipande kikubwa cha katoni nyeupe chini ya gari usiku, kisha kitazame asubuhi.

Oili ya injini huwa na rangi ya kahawia au nyeusi na huteleza vidoleni. Maji ya radieta huwa ya kijani, buluu au waridi. Oili ya giaboksi ya otomatiki na ya usukani huwa nyekundu ikiwa haijachakaa. Oili ya breki ni nyepesi na ya rangi ya manjano hafifu, nayo ikionekana gari halipaswi kuendeshwa hata kidogo. Maji safi mahali pa kipoza hewa si ugonjwa.

Katoni pia huonyesha mahali tone linapoangukia: mbele karibu na radieta, kushoto, kulia, au nyuma ambapo injini inaungana na giaboksi.

Hapa mkazi wa Gusii anapaswa kuwa mwangalifu. Maboma mengi yamejengwa kwenye miteremko. Gari likiegeshwa pua ikielekea juu, oili iliyovuja mbele hutambaa chini ya injini na kudondokea nyuma. Likiegeshwa pua ikielekea chini, ya nyuma huja mbele. Egesha mahali tambarare unapofanya uchunguzi, hata ikibidi uliache gari kwa jirani.

Vivyo hivyo, kijiti cha oili hudanganya kwenye mteremko. Kipime gari likiwa tambarare, dakika kadhaa baada ya kuzima injini ili oili yote irudi kwenye sampu.

Osha, endesha, tazama

Tone linapoangukia si lazima liwe ndipo linapotoka. Oili hushuka chini, na gari likienda, upepo huisukuma nyuma. Injini iliyovuja kwa miezi sita huwa imelowa kote na kushika vumbi, na hakuna fundi, awe stadi namna gani, anayeweza kuitazama na kusema kwa hakika chanzo kiko wapi.

Kwa sababu hiyo, injini huoshwa kwanza. Hakikisha imepoa, funika altaneta na sehemu inayoingiza hewa, tumia dawa ya kuondoa mafuta na maji yasiyo na shinikizo kali, kisha uiache ikauke kabisa. Ondoa pia bamba la kinga lililo chini ya injini, kwa kuwa hukusanya oili na kuimwaga mahali pasipohusika.

Baada ya hapo, endesha gari kilomita 10 hadi 20, mlima ukiwemo. Rudi, lipandishe juu ya stendi imara au shimo la gereji, chukua tochi na kioo kidogo, kisha tafuta mahali palipolowa ambapo ni pa juu zaidi na pa mbele zaidi. Hapo ndipo penye chanzo au karibu nacho. Kila kilicholowa chini yake na nyuma yake ni matokeo tu.

Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki hunyanyua, si kazi yake kumlinda mtu.

Mvujo ukiwa mdogo mno, nyunyizia sehemu inayoshukiwa poda ya watoto baada ya kuikausha. Oili itachora njia yake kwenye ungaunga huo. Gereji zenye vifaa hutumia rangi maalumu inayotiwa ndani ya oili, ambayo hung'aa ikimulikwa kwa taa ya urujuani.

Kutoka kilicho rahisi hadi kilicho kigumu

Fundi mwangalifu huanza na vitu vya bei nafuu na vinavyofikika kwa urahisi.

Cha kwanza ni nati ya sampu. Pete yake ya chuma laini huundwa ili ibonyee mara moja tu, na inafaa kubadilishwa kila oili inapomwagwa. Inapotumiwa mara ya tano, fundi hulazimika kukaza kupita kiasi hadi nyuzi za sampu zinaharibika.

Cha pili ni filta ya oili. Mara nyingine gaskiti ya filta kuukuu hubaki imeganda kwenye injini, na mpya ikafungwa juu yake. Gaskiti hizo mbili zinaweza kushikilia kwa siku chache kisha kufumka ghafla na kumwaga oili yote njiani. Kila filta inapotolewa, hakikisha imetoka na gaskiti yake. Filta mpya hukazwa kwa mkono, takriban robo tatu ya mzunguko baada ya kugusa.

Cha tatu ni swichi ya shinikizo la oili, ambayo katika EJ20 hukaa juu ya injini karibu na altaneta. Ikivuja, oili huteremka katikati ya injini na kudondoka kana kwamba injini yote imepasuka. Kuibadilisha ni kazi ndogo.

Cha nne, na ambacho huvuja katika Impreza nyingi zenye umri, ni gaskiti za vifuniko vya tapeti. Pamoja nazo kuna sili za mashimo ya plagi. Hizi zikichakaa, oili hujaa kwenye shimo la plagi na injini huanza kukosa silinda moja. Fundi asiyechungulia humo huuza koili na plagi mpya ilhali tatizo ni pete ya mpira. Badilisha gaskiti na sili hizo kwa pamoja, pande zote mbili.

Cha tano ni turbo. Bomba linaloipelekea oili hufungwa kwa bolti zenye tundu na pete za shaba, na oili hurudi kwenye injini kupitia mpira mfupi ulio karibu na joto kali. Mpira huo ukikauka hupasuka. Kwa kuwa turbo ya Impreza iko juu upande wa nyuma, oili yake hushukia giaboksi, na sili ya nyuma ya krenki hulaumiwa bila hatia.

Mvujo wa mbele

Oili ikionekana ikitoka nyuma ya vifuniko vya plastiki vinavyotazama radieta, wanaoshukiwa ni sili ya mbele ya krenki, sili za kamshafti na pete ya mpira ya pampu ya oili. Aidha, skruu za bamba la nyuma la pampu hiyo hulegea katika baadhi ya injini za EJ.

Mvujo huu haufai kuahirishwa, kwa sababu taimingi belti hupita hapo hapo. Belti iliyolowa oili huoza na kuteleza. Ikiruka meno au kukatika katika injini kama EJ20 ya turbo, valvu hugongana na pistoni na kupinda.

Hata hivyo, kuna faida ya kupanga kazi. Belti hiyo hubadilishwa kila baada ya takriban kilomita 100,000. Mwenye gari akifungua mbele kwa ajili ya belti, na abadilishe pia sili zote, pete ya pampu ya oili, puli za belti na pampu ya maji. Gharama kubwa ya kazi hiyo ni jasho la kufungua na kufunga, na hakuna haja ya kulilipia mara mbili.

Mvujo wa nyuma

Oili ikidondoka hasa pale injini inapoungana na giaboksi, na baada ya kuoshwa ikathibitika haitoki juu, basi huenda ni sili ya nyuma ya krenki. Lakini katika Subaru kuna mshukiwa mwingine ambaye mafundi waliozoea Toyota huenda wasimfahamu: kibamba cha kutenganisha oili na hewa, kilichofungwa nyuma ya injini.

Katika injini nyingi za zamani kibamba hicho kilikuwa cha plastiki, nacho hupinda kwa joto. Tiba yake ni kuweka cha chuma. Fundi akibadilisha sili na kuacha kibamba cha plastiki, mvujo utarudi, na giaboksi italazimika kuteremshwa tena.

Gari likiwa la gia za mkono, huo ndio wakati wa kukagua klachi. Ikiwa oili imeifikia, klachi hiyo itateleza mlimani.

Hedi gaskiti nayo huweza kuvuja oili upande wa chini ambapo hedi inakutana na bloku. Ugonjwa huo ulijulikana zaidi katika injini za lita 2.5 zisizo na turbo. Kabla ya kukubali uamuzi huo, hakikisha vifuniko vya tapeti vilivyo hapo karibu vimekaushwa na kuthibitishwa kuwa salama. Tofauti ya gharama kati ya kazi hizo mbili ni kama ya kuziba pancha na kununua gurudumu.

Shinikizo la ndani

Kuna mvujo ambao hautokani na gaskiti. Pistoni zinapofanya kazi, kiasi fulani cha gesi hupenya na kuingia sehemu ya chini ya injini. Gesi hiyo hutolewa kupitia valvu ndogo na mipira yake. Valvu hiyo ikiziba kwa masizi, shinikizo hupanda na kuisukuma oili nje kupitia kila sili dhaifu.

Hii ndiyo sababu magari mengine hubadilishiwa sili leo na kuvuja tena baada ya mwezi. Fungua valvu hiyo, itikise. Ikiwa nzima hutoa mlio wa kitu kinachocheza ndani. Ikiwa kimya, ibadilishe na usafishe mipira yake. Ikiwa ni nzima lakini moshi mwingi bado unatoka kwa nguvu kwenye mdomo wa kuongezea oili, huenda ringi za pistoni zimekwisha, na hilo ni suala jingine kabisa.

Ukarabati unaodumu

Gaskiti mpya juu ya chuma kichafu ni kazi bure. Mabaki ya zamani hukwanguliwa kwa kifaa cha plastiki au mbao, si bisibisi, kwa maana hedi ni ya aluminiamu na mkwaruzo mmoja hugeuka njia ya oili. Kisha uso hupanguswa hadi ukauke.

Bolti za vifuniko vya tapeti hukazwa kwa nguvu ndogo sana, takriban nyutonimita 5 hadi 6, ambayo ni kama kukaza kwa mkono kwa spana fupi. Fundi anayezikaza kama nati za gurudumu hubana mpira hadi ukakatika, na kusababisha mvujo mbaya kuliko wa kwanza.

Silikoni, ile gundi inayouzwa kwa mirija madukani, imekuwa dawa ya kila ugonjwa. Ni kweli kwamba mtengenezaji mwenyewe huitumia mahali fulani, kama vile sampu. Lakini hutumiwa kwa mstari mwembamba, si kupakwa kama chokaa ukutani. Inayozidi hujikunja upande wa ndani, ikakatika na kuziba chujio la pampu ya oili. Mwenye gari anaweza kuokoa gaskiti na kupoteza krenki.

Kuweka oili nzito kuliko inayopendekezwa kwenye kitabu cha gari hupunguza tone kwa muda, lakini huchelewesha oili kufika kwenye turbo asubuhi ya baridi, nazo asubuhi za baridi ni nyingi Nyamira. Dawa za chupa za kuziba mvujo hulainisha mpira uliokauka kwa muda. Haziwezi kuunga mpira uliokatika.

Lini gari lisiendeshwe

Kulowa kidogo pasipodondoka kunaweza kusubiri, almuradi oili ipimwe kila wiki. Matone machache kwa usiku yanahitaji kutafutiwa chanzo ndani ya wiki chache.

Lakini gari lisitoke nyumbani ikiwa oili inadondoka injini ikinguruma, ikiwa moshi unatoka kwenye ekzosi chini ya boneti, au ikiwa taimingi belti imelowa. Mvuke wa oili ya injini huweza kushika moto joto likifika nyuzi 200 hivi za Selsiasi au zaidi, na nyumba ya turbo inayopanda mlima hupita kiwango hicho kwa mbali. Kizimamoto kidogo ndani ya gari si mapambo.

Taa nyekundu ya oili nayo haieleweki na wengi. Taa hiyo haipimi kiwango cha oili; huwaka shinikizo likiwa tayari limeanguka. Ikiwaka mlimani, dereva hapaswi kusema atafika Keroka kwanza. Asimame mahali salama na kuzima injini papo hapo. Injini ikishaanza kugonga, au kunoki kama wasemavyo mafundi, beringi imeumia na kuongeza oili hakutaitibu.

Tahadhari kwa mnunuzi

Anayenunua Impreza aliyoletewa ikiwa injini inang'aa kama sahani asifurahi upesi. Injini iliyooshwa asubuhi haina historia. Aombe kuliendesha hadi lipate joto, mlima ukiwemo, kisha achungulie chini. Afungue plagi moja, atazame kama kuna oili shimoni. Aangalie pia mahali linapolala: ardhi haidanganyi.

Silikoni nyingi iliyotokeza kwenye maungio ni ushahidi kwamba injini ilifunguliwa kwa haraka. Stakabadhi ya taimingi belti ina thamani kuliko maneno kumi ya dalali.

Oili inakwenda wapi

Mwisho, oili inayovuja haimwumizi mwenye gari peke yake. Gereji nyingi za jua kali hufanyia kazi kwenye ardhi tupu, na mvua ya Gusii haikawii. Inayomwagika mjini Kisii husombwa hadi mto Nyakomisaro. Mto Gucha, unaoanzia milima ya Nyamira, hupita mashamba ya watu wengi kabla ya kuingia Ziwa Viktoria.

Oili kuukuu ina masizi na vipande vidogo vya chuma, na haifai kunyunyiziwa uani ili kutuliza vumbi. Ikusanywe kwenye mtungi na kupelekwa kwa wanaoruhusiwa kuichukua.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye Subaru, ufa wenyewe hutafutwa kwanza kwa katoni, tochi na subira ya siku moja. Vitu hivyo vitatu ni rahisi kupatikana, na vinaweza kumwepusha na gharama ya kununua injini nyingine.